Mteja kaitoa simu juani kaniambia "soma wewe", nimeshindwa kusoma websaiti niliyoitengeneza mwenyewe. Naombeni msaada

#1 ChaliiWaSakina
Jumatatu, saa 3 usiku

Wakuu habari za usiku. Kuna kitu kimenikaa kooni tangu mchana nikaona nikimwage hapa kabla sijalala, maana humu kuna watu wa kila fani na mi mwenzenu nimekwama.

Natengeneza websaiti huu mwaka wa tatu, wateja wangu wengi ni hizi kampuni ndogo ndogo za utalii hapa Arusha. Sasa kuna bosi mmoja ofisi yake haiko mbali na Mnara wa Saa, ana magari matatu, anapandisha wageni mlima, anawapeleka Tarangire na Ngorongoro, na safari hii alitaka na kurasa za Kiswahili kwa ajili ya Watanzania wanaoanza kutalii. Nimepiga kazi wiki sita. Leo nikaenda na laptop yangu nimeifuta vumbi vizuri, nimejipanga kumuonyesha ukurasa kwa ukurasa. Aisee hata hakuiangalia. Kachomoa simu yake mfukoni, simu ya kawaida tu ina ufa kwenye kona ya kioo, kafungua websaiti, katoka nayo barazani. Saa saba mchana hiyo, na jua la Chuga mnalijua likiamua.

Kanyoosha mkono, kaurudisha karibu na pua, kanyoosha tena kama mtu anayetafuta netiweki. Kimya. Kamwita dereva wake, mtu mzima wa hamsini na kitu, "hebu nisomee hapa". Dereva kakunja uso mpaka macho yakabaki mistari, "siku ya... bosi hii ni tatu au nane?" Basi bosi kanigeukia taratibu, kanipa simu, "haya, soma wewe". Nikasoma mstari wa kwanza, nikashuka wa pili, nikajikuta nimerudi ule ule wa kwanza. Maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu!

Nusu ya hela kaishikilia. Kasema Ijumaa nirudi ikiwa inasomeka, isiposomeka tusijuane.

Hali yenyewe iko hivi: maandishi pikseli 14, fonti ni ile nyembamba ya uzito wa 300, rangi ya kijivu #999 kwenye nyeupe, na juu kabisa kuna picha kubwa ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, halafu maneno meupe juu yake. Kwenye laptop inapendeza jamani, mpaka wife kaisifu. Nianzie wapi?

#2 kodi_na_ugali
Jumatatu, saa 3 usiku

#999 kwenye nyeupe 😂😂 hiyo sio rangi mkuu, huo ni ukungu wa Machame saa kumi na mbili asubuhi.

Anza na rangi kabla hujagusa kingine chochote, ni kazi ya dakika mbili. Kuna kipimo cha utofauti kati ya rangi ya maandishi na rangi ya nyuma yake, kinaanzia 1 kinaishia 21, na nyeusi tii kwenye nyeupe ndo hiyo 21. Mwongozo wa W3C, wale wanaotunga viwango vya mtandao, wa mwaka 2008, ule uliotungwa ili hata wenye macho dhaifu watumie mtandao, unataka maandishi ya kawaida yasishuke chini ya 4.5 na yale makubwa yasishuke chini ya 3. Yako yana 2.8 na ushee, yaani hata ungeyaandika makubwa kama ya bango la mkutano bado umefeli. Mpaka uko kwenye kijivu cha #767676. Ukisogea hatua moja tu ukaweka #777777 tayari umeanguka, najua kwa sababu niliwahi kubishana na mtu nusu saa nzima kwa tofauti hiyo ambayo hakuna jicho la binadamu linaiona.

Na kipimo chenyewe hakijui habari za jua la saa saba. Kwa hiyo usiende kujenga ukingoni, weka #222, karibu nyeusi tii, uendelee na maisha. Hiyo fonti ya uzito 300 toa usiku huu huu, weka 400. Saizi weka 16 kwa kuanzia, ndo brauza zenyewe zinaanzia hapo, wewe ndo uliipunguza kwa hiari yako. Mi kwenye simu napenda hata 17 au 18.

#3 DizainaNjiro
Jumatatu, saa 4 usiku

Mi naona mnamtisha kijana bure. Wateja wa huyo bosi wako Ulaya na Marekani, wamekaa sebuleni, simu za bei mbaya, hawasomi barazani kwenye jua. Ile fonti nyembamba na kijivu ndo inafanya kampuni ionekane ya hadhi. Ukijaza herufi nyeusi nene unageuza safari ya dola elfu tatu ifanane na tangazo la shamba linauzwa Ngaramtoni. Bosi aongeze mwanga wa simu basi.

#4 mguu_wa_porini
Jumatatu, saa 4 usiku

Dizaina nakuheshimu ila hapo hapana. Mi napandisha wageni mlimani huu mwaka wa tisa. Wageni wangu wengi wamestaafu, ndo wenye hela na muda. Mtu akishafika arobaini na kitu macho ya karibu yanaanza kugoma, hiyo haina mzungu wala mswahili. Tunatoka KIA wamebanana kwenye Land Cruiser inarukaruka, miwani iko kwenye begi na begi liko juu ya keria, ndo muda huo mama wa watu anafungua simu aangalie kesho anaanza kutembea saa ngapi na abebe nini. Ananipa mimi nimsomee. Na mi sioni! Nishawahi kumwambia mgeni maji ya kubeba lita tatu kumbe zimeandikwa mbili, akapanda na mzigo wa bure mpaka kambi ya Mandara kwa sababu ya fonti.

#5 ChaliiWaSakina
Jumatatu, saa 5 usiku

Nimebadilisha rangi na uzito hapa hapa kitandani. Kama umewasha taa. Ila ile picha ya juu bado imenishinda, maneno meupe kwenye mlima hayaonekani hata nikiyanenepesha.

#6 FundiBango
Jumanne, saa 12 asubuhi

Vijana shikamooni mnaostahili kupewa na marahaba wale mnaonipa. Mimi sio mtu wa kompyuta, mwanangu ndo aliniingiza humu, ila herufi nimezichora tangu 1987, nilianzia Majengo hapa Moshi kwa mabango ya maduka, nikaja kwenye malori na daladala. Naomba niseme kwa ninavyojua, mkiona haifai kwenye simu mniache.

Ule mlima nimeuchora nyuma ya malori sijui mara ngapi, kila mwenye lori wa huku anautaka. Sasa ukimaliza kuuchora anakuambia fundi andika na jina langu. Mwanafunzi akianza kazi atakwenda kuandika pale juu kwenye theluji kwa sababu ndo pana nafasi na ndo panavutia, na ataandika kwa rangi nyeupe kwa sababu ameona nyeupe inang'aa. Haisomeki, hata ukiizungushia mstari mweusi inakuwa kama imevimba. Sisi jina tunalishusha chini kwenye msitu, pale kijani kinapokolea kiza, nyeupe ikikaa hapo dereva wa nyuma anaisoma mita hamsini. Theluji unaiacha iwe theluji. Kama mteja anang'ang'ania juu basi unapaka mbingu yote bluu iliyokolea kwanza, ndo unaandika kwenye mbingu.

Pili, kazi nikimaliza naivuka barabara. Nasimama upande wa pili, nakunja macho mpaka naona ukungu tu. Nikiwa nimekunja macho nataka nione vitu vitatu, jina, anauza nini, na namba ya simu. Vikionekana vinne au vitano ujue vinagombana. Bango langu la kwanza kabisa nililijaza herufi mpaka kwenye mbao za pembeni, nikaona nimempa mteja thamani ya hela yake, yeye akaniambia fundi bango lako linapiga kelele. Nilikasirika wiki nzima, halafu nikapita pale na baiskeli nikaona kweli.

Tatu, naona kwenye mitandao watu wanaandika tangazo zima kwa herufi kubwa. Bango sawa, maneno matatu manne. Khanga sawa, jina lake ni mstari mmoja tu. Lakini maelezo marefu kwa herufi kubwa ni kama ukuta wa matofali, yote kimo kimoja, hakuna cha kushika. Herufi ndogo zina vichwa na mikia, b inapanda, g inashuka, jicho linapata mahali pa kudandia.

Na nafasi kati ya herufi usipime kwa rula. A na V ukizipa nafasi sawa na N na I zitaonekana zimekosana. Hiyo naona kompyuta zenu siku hizi zinaifanya zenyewe, sisi ilitupa vidole vya kuuma.

#7 kodi_na_ugali
Jumanne, saa 2 asubuhi

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili. "Theluji unaiacha iwe theluji" naibandika juu ya meza yangu.

Chalii tafsiri yake kwa kodi, nasema kodi ya programu sio ya TRA: shusha maneno chini ya picha au weka kivuli cha kiza kinachopanda kutoka chini kwenda katikati, kiza cha kweli sio cha aibu. Na kumbuka kwenye simu picha inakatwa pembeni, kwa hiyo pale ulipopaona pana msitu kwenye laptop, kwenye simu panaweza kuwa theluji tupu. Ukiona inasumbua sana toa maneno kwenye picha kabisa, weka chini yake kwenye rangi moja. Hakuna aliyewahi kukosa mgeni kwa hilo.

#8 mama_kibosho
Jumanne, saa 4 asubuhi

Mimi nimefanya kazi chapa miaka kumi na saba hapa Moshi, kadi za harusi, vitabu vya risiti, ratiba za misa, majarida ya ushirika wa kahawa, kila kitu kilichopita kwenye karatasi. Nimeingia kwenye kiungo alichonitumia Chalii inboksi. Mwanangu usikasirike lakini rangi ilikuwa ndo tatizo dogo.

Umesema ulisoma mstari wa kwanza ukarudi tena wa kwanza. Hiyo sio macho, ni mistari yako imebanana. Jicho likimaliza mstari linarudi kushoto kutafuta ulipo unaofuata, na kama mistari imelaliana linashika ule ule. Zamani herufi zilipokuwa za risasi, mafundi walichomeka vipande vyembamba vya risasi hiyo hiyo kati ya mstari na mstari ili kuiachanisha, na mpaka leo Waingereza jina la nafasi hiyo wamelitoa kwenye madini hayo. Wewe vipande hujaweka hata kimoja. Mwanangu anayejua hizi kompyuta anasema line-height yako, yaani nafasi ya mstari kwa mstari, ni 1.2. Weka 1.5, Kiswahili kina maneno marefu kipe 1.6 kwenye aya, vichwa vya habari ndo viache 1.2 kwa sababu ni mstari mmoja au miwili.

Halafu nikafungua kwenye kompyuta ya ofisini. Mstari mmoja umetoka ukuta mpaka ukuta! Niliuhesabu kwa kidole, herufi 171 pamoja na nafasi. Kwenye vitabu tunakaa kati ya herufi 45 na 75 kwa mstari, hiyo ni desturi ya wachapaji wa dunia nzima sio yangu, na hata huo mwongozo aliousema kodi_na_ugali kwenye daraja lake la juu kabisa unasema usizidi 80. Mstari ukiwa mrefu hivyo msomaji anarudi kushoto kama mtu anayetoka Himo kwenda Holili kwa miguu, akifika kasahau alikuwa anatafuta nini.

Na jambo la tatu ndo limeniuma zaidi. Umenyoosha pande zote mbili, kushoto na kulia sawa. Kwenye Kiingereza inaweza kupita kwa sababu maneno yao mafupi yanajipanga. Sisi tuna neno kama "tutakapowachukua" au "watakaotutembelea", simu ina nafasi ya maneno matatu tu kwa mstari, likikosa nafasi linashuka zima zima na yale mawili yaliyobaki yanavutwa kila moja pembeni yake. Kwenye ukurasa wako wa njia ya Marangu kuna mstari una maneno mawili tu, "wageni" iko kushoto kabisa na "wote" iko kulia kabisa, katikati hapo unaweza kupitisha toroli. Ukiangalia aya nzima kwa mbali unaona mifereji myeupe inashuka kama mvua kwenye bati. Panga kushoto, kulia acha iwe ya kupandashuka, hakuna atakayekudai.

#9 ChaliiWaSakina
Jumanne, saa 5 asubuhi

Mama yangu nimekaa chini. Ule mstari wa "wageni wote" nimeuona, nilikuwa naupita kila siku.

Nimeweka max-width 65ch, mstari usizidi kama herufi 65, na nimepanga kushoto. Sasa swali la fonti yenyewe, nitumie ipi? Nilikuwa na nne, ya vichwa, ya aya, ya batani, na moja ya mwandiko wa mkono kwa ajili ya maneno ya wageni waliotusifu.

#10 kodi_na_ugali
Jumanne, saa 6 mchana

Nne za nini broo, unafungua kiwanda?

Fonti ya kwenye mtandao ni faili. Msomaji anaishusha kwa bando lake. Nimechungulia yako, fonti peke yake zimekula zaidi ya MB moja kwa sababu kila moja umeibeba na uzito wote kuanzia 100 mpaka 900 pamoja na italiki, wakati uzito uliotumia ni wa aina mbili tu. Mbaya zaidi Chrome ikikuta fonti haijafika inaficha maandishi mpaka sekunde tatu ikisubiri. Kwa hiyo mtu yuko Boma Ng'ombe netiweki inasuasua, ukurasa umefunguka, picha ya mlima ipo, maneno hakuna, anadhani websaiti mbovu anaondoka. Andika font-display: swap, maneno yatoke kwanza kwa fonti yoyote ya simu halafu hiyo yako ije ibadilishe ikifika. Faili ziwe za woff2, ndo nyepesi. Chukua fonti moja, uzito miwili, 400 na 700. Imeisha.

Au usibebe kabisa, tumia za kwenye simu yenyewe. Androidi ina Roboto tayari, iPhone ina ya kwao, zote zimechorwa kwa ajili ya vioo. Uzito wake kwa msomaji ni sifuri.

#11 mama_kibosho
Jumanne, saa 7 mchana

Kuhusu ipi, mimi naangalia fonti ilizaliwa kwa kazi gani. Times New Roman ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia 1932, ndo maana imekaa kibanifu, ilibidi maneno mengi yaingie kwenye safu nyembamba za gazeti. Kwenye karatasi nzuri nitaitumia mpaka kesho. Verdana na Georgia ni kinyume chake, Microsoft walimpa mchora herufi Matthew Carter kazi hiyo miaka ya tisini, na huyo alianza ujana wake anajifunza kuchonga herufi kwenye chuma kwa mkono huko Uholanzi. Alichofanya ni kuanza na vidoti vya kioo kwanza, akapanga nukta kwa nukta, ndo baadaye akachora umbo la kuzunguka nukta hizo. Ndo sababu Verdana imepanuka, matumbo ya a na e yako wazi, na I kubwa ameiwekea vikofia juu na chini isifanane na l ndogo wala 1.

Sasa rudi kwa dereva wako na "tatu au nane". Fonti yako nyembamba, mdomo wa 3 umefumbwa karibu ugusane. Jua likipiga kioo ile nafasi ndogo inazibika, 3 inageuka 8. Kabla ya kuchagua fonti ya mtu anayeuza kwa bei na tarehe, andika 3 8 6 9 1 7 0 pamoja na I na l, zipunguze ziwe ndogo, mpe mtu mzima asome. Vitabu vya risiti vilinifundisha, mteja akisoma 7 kama 1 sio fonti inayolipa, ni chapa.

#12 DizainaNjiro
Jumanne, saa 8 mchana

Haya kwa tarakimu nakubali. Ila Verdana kwa websaiti ya safari, mama, inafanana na fomu ya benki.

#13 mama_kibosho
Jumanne, saa 8 mchana

Sijasema aitumie. Nimesema aangalie mdomo wa 3.

#14 rau_madukani
Jumanne, saa 11 jioni

Jamani hakuna aliyeona hii? Ukurasa wa kuchukua wageni umeandikwa "Tunapokea wageni Arusha, Boma Ng\'ombe na Moshi". Kuna kimkwaju kabla ya koma ya juu. Halafu kwenye kichwa cha ukurasa wa kutembelea kijiji cha Ng'iresi, ile koma ya juu ni nene kuliko herufi zenyewe, kama imeazimwa kwa jirani.

#15 kodi_na_ugali
Jumanne, saa 12 jioni

Umesema sawasawa, imeazimwa kweli. Fonti ya vichwa aliyochukua ni ya bure yenye herufi za mapambo, haina alama ile iliyopinda, ina ile iliyosimama wima tu. Brauza ikikosa alama inakopa kwenye fonti nyingine. Kwa mzungu ng' ni kitu cha bahati mbaya, kwetu sisi ni herufi ya kila siku, ng'ombe, ng'ambo, kung'aa. Kwa hiyo fonti yoyote ukitaka kuijaribu kwa Kiswahili andika "ng'ombe wa ng'ambo anang'ata" uone.

Kile kimkwaju ni kosa lingine. Ni kinga ambayo maneno yaliwekewa yalipoingia kwenye hifadhidata halafu hayakuvuliwa yalipotoka, au yamevishwa mara mbili. Rekebisha kwenye kodi ya kuhifadhi, usikifute kwa mkono, kitarudi.

Na nimeona kitu, kurasa zako za Kiswahili juu kabisa umeandika lang="en". Weka sw. Simu ya asiyeona inayosoma kwa sauti inafuata hiyo, itamsomea Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Na umeruhusu maneno yakatwe mwisho wa mstari, kwa hiyo brauza inakata kwa sheria za Kiingereza. Kiswahili kinakatwa baada ya irabu, wame-tu-tembelea, haina mafumbo. Zima kabisa kukata kama hujui.

#16 mstaafu_kaloleni
Jumanne, saa 2 usiku

Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na tatu. Jicho langu linaloona ni la kushoto tu. Kila kitu kwenye simu nakisoma kwa kukikuza kwa vidole viwili. Websaiti yako kijana inakataa kukuzwa. Navuta, inanitazama tu. Kwa nini mnatufungia?

#17 ChaliiWaSakina
Jumanne, saa 2 usiku

Shikamoo mwalimu. Nimejificha nyuma ya mlango kwa aibu. Ni templeti niliyonunua, ilikuja na maximum-scale=1 na user-scalable=no, nikaiacha nikidhani ndo inatakiwa. Nimefuta zote mbili sasa hivi. Hebu jaribu tena.

#18 mstaafu_kaloleni
Jumanne, saa 2 usiku

Inavutika. Nimemwona yule tembo.

#19 kodi_na_ugali
Jumanne, saa 3 usiku

Hapo hapo, saizi zako ziandike kwa rem sio px, yaani pikseli. Mwalimu akienda kwenye mipangilio ya brauza yake akaongeza maandishi, rem inamfuata, px inamgomea. Na fomu ya kuweka nafasi ile sehemu ya kujaza jina weka 16 kamili, chini ya hapo iPhone inaruka inakuza ukurasa wote kila mtu akigusa kuandika, anapotelea huko.

#20 mguu_wa_porini
Jumatano, saa 1 asubuhi

Batani. "Book now" ilikuwa inakaa vizuri, ya Kiswahili umeandika "Hifadhi nafasi yako sasa", "sasa" imetumbukia nje ya kijani inaning'inia. Na jedwali la siku za mlima kwenye simu linakatika, naona Siku, naona Kambi, urefu wa mita upo nje ya kioo.

#21 mama_kibosho
Jumatano, saa 3 asubuhi

Batani usiipe upana, ipe nafasi ya pembeni tu ijitanue yenyewe. Na "Weka nafasi" inatosha.

Jedwali la namba panga kulia, mamia chini ya mamia, maelfu chini ya maelfu. Horombo 3,720, Kibo 4,720, Uhuru 5,895, zikisimama wima vizuri mgeni anauona mlima unavyopanda bila kuambiwa. Fonti nyingi 1 yake ni nyembamba kuliko 8 kwa hiyo safu inayumba, muulize kodi_na_ugali kuna neno la kuzifanya upana mmoja.

#22 kodi_na_ugali
Jumatano, saa 3 asubuhi

font-variant-numeric: tabular-nums. Kwenye simu livunje jedwali, kila siku iwe na kiboksi chake, Siku ya 1 juu, kambi chini yake, mita chini yake. Usimfanye mtu asukume kioo pembeni.

#23 DizainaNjiro
Alhamisi, saa 4 usiku

Nimeifungua sasa hivi. Bado naona ingevumilia kijivu kidogo. Ila ile heda, picha ya juu yenye maneno kwenye msitu, aisee. Nimeichukua, naenda kuitumia kwa mteja wangu mmoja, msinitukane.

#24 FundiBango
Ijumaa, saa 12 asubuhi

Chukua kijana, msitu ni wa wote.

#25 ChaliiWaSakina
Ijumaa, saa 9 alasiri

Wakuu nimetoka huko.

Nimefika saa saba kasoro makusudi. Bosi hakuniambia hata karibu, kachukua simu ile ile, katoka barazani, na jua leo lilikuwa limeamka vibaya kuliko Jumatatu. Kasimama. Hakunyoosha mkono. Kampa dereva bila kusema kitu. Dereva kaanza, "Siku ya tatu, mapumziko Horombo, mita elfu tatu mia saba na ishirini, siku hii tunauzoea mlima..." anasoma tu, hakati, kama anasoma risala. Kasoma siku zote sita za Marangu amesimama pale pale. Kaingia njia ya Machame. Mi moyoni nishaanza kugawa hela.

Kafika Lemosho kanyamaza. "Bosi, hapa kaandika Lemoshi." Kaendelea. "Hapa kaandika wabeba mzingo." "Hapa lita mbili, kule chini lita tatu." Yaani yule mzee kakaa kwenye ngazi kabisa, kavua kofia, kaomba kalamu. Makosa kumi na moja, kayaandika nyuma ya risiti ya mafuta. Wiki sita yalikuwepo, hakuna aliyeweza kuyaona akiwemo mimi.

Nimelipwa robo. Robo nyingine nikirudisha ile risiti kila mstari umekatwa.

#26 mguu_wa_porini
Ijumaa, saa 9 alasiri

Ile lita mbili au tatu NDO ILE NILIYOKUWA NASEMA. Kumbe ni kampuni hiyo hiyo 😂😂😂

#27 mama_kibosho
Ijumaa, saa 10 jioni

Mwulize huyo dereva kama anatafuta kazi ya kusoma prufu, nina majarida mawili yananisubiri hapa.